Gunia la Dirishani

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka kumi, na hapo ndipo taabu iliponishika mkono.

Mama alijifungua mtoto wa tano mwezi wa sita, wakati wa baridi, kule juu Kibosho ambako ukungu hulala migombani mpaka saa nne asubuhi. Kwetu mwanamke akishazaa anakaa ndani miezi mitatu. Hachoti maji, hakati majani, hashiki jembe. Anakula mtori wa ndizi na nyama, anakunywa maziwa, moto unawaka karibu na kitanda chake, na mama mkwe ndiye anayemhudumia. Hiyo ndiyo heshima ya mzazi. Lakini heshima hiyo inataka watu na inataka chakula. Mama yangu hakuwa na mama mkwe, nyama hakuwa nayo, na baba alikuwa mtu wa kilabuni. Ng'ombe alikuwa mmoja, analia njaa zizini. Siku ya kumi na sita mama akajifunga kamba kiunoni akateremka tambarare kukata majani. Alirudi na mzigo umelowa kichwani, mvua imempiga njia nzima. Kufika jioni anakohoa.

Wanawake wa jirani walisema upepo umemwingia. Kibao cha dirisha kilikuwa kimepasuka, basi wakaleta gunia wakanikabidhi mimi nilizibie pale. Wao walikuwa na kazi zao, mimi kazi yangu ikawa kushika gunia. Nililishika sawasawa. Hata upepo wa kupita tundu la sindano haukupita. Siku ya nne mama akafa, na kitoto kikamfuata kabla mwezi haujaisha. Nikaacha shule, darasa la tatu, nikawa mama wa wadogo zangu watatu.

Nilitoka pale na somo moja: upepo unaua mzazi. Nikaapa kwamba nikija kuwa na nyumba yangu, hata iwe ya udongo, mwanamke atakayezalia humo hataguswa na upepo.

Miaka iliyofuata sitaieleza yote, maana ilifanana. Nilibeba ndizi kichwani kutoka Kibosho mpaka sokoni Moshi kwa miguu, barabara ile ya mawe na utelezi, nikiwa mjamzito na nikiwa si mjamzito. Mume wangu alikufa mapema. Sikumlia muda mrefu, kulikuwa na mikungu ya kuteremsha. Nilipata meza sokoni, kwanza ya kuazima, baadaye yangu. Nikajenga nyumba ya mabanzi ya vyumba viwili, kila banzi nalijua nilipolitoa. Nikasomesha mtoto wangu wa kiume mpaka kidato cha nne, naye akachagua kubeba mizigo ya watalii mlimani. Mimi nabeba ndizi kuteremka, yeye anabeba mahema kupanda. Tulikuwa tunakula, na hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kusikia nikibisha mlangoni kwake kuomba chumvi.

Halafu ugonjwa ukaja, watalii wakaacha kuja.

Mwanangu alikuwa amepanga chumba mjini na mke wake. Mwaka mmoja walijikaza. Mwaka wa pili, 2021, mke akiwa na mimba kubwa, mwenye nyumba akawatoa, wakapanda kwangu na godoro moja na sufuria. Mtoto alizaliwa mwezi wa sita. Baridi ile ile. Mwanangu akasikia kuna vibarua vya kuvuna mashambani huko Sanya Juu, akaondoka. Tukabaki mimi, mkwe wangu na kichanga.

Nilimtunza kwa mila kamili. Chumba chenye dirisha nilimpa yeye, nami nikalala chini hapo hapo, karibu na mafiga. Moto haukuzimika, na maziwa ya ng'ombe wangu mmoja yalikuwa yake. Dirisha lilikuwa dogo, kibao chake kina ufa, nikalipiga gunia na kusokota majani makavu ya migomba kwenye kila tundu. Asubuhi nampikia mtori, naonja kwanza kwa kijiko kile kile nisije nikamuunguza, ndipo namlisha. Kitu kimoja tu sikuweza kufuata. Mama mkwe anayehudumia mzazi anatakiwa akae nyumbani. Mimi ningekaa, nyama ya huo mtori ingetoka wapi? Kila siku ya soko niliteremka mjini.

Redioni walikuwa wanasema epuka msongamano. Sokoni waliweka ndoo ya koki mlangoni, na sabuni ya maji. Siku zingine ndoo ilikuwa na maji.

"Mkae mita moja moja!" kijana wa mlangoni alikuwa anapiga kelele.

"Mita moja ni mezani kwa jirani yangu," muuza parachichi akamjibu. "Unataka nikauzie barabarani nigongwe na bodaboda?"

"Afadhali bodaboda," mwingine akadakia. "Anaua mara moja."

Tukacheka. Tulicheka sana wakati ule. Kengele ya parokia ikilia tunaulizana nani, tunaambiwa fulani, alipata changamoto ya kupumua. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Muuza parachichi alikosekana wiki moja, halafu meza yake akakaa mtu mwingine, naye tukamwambia karibu.

Mimi mwenyewe nikapata kikohozi. Nikasema ni vumbi. Nikachemsha majani ya mchaichai na malimao, nikajifunika blanketi nikajifukiza mpaka jasho likachuruzika, siku tatu nikawa mzima. Nikajisifu. Mwili uliobeba ndizi miaka hamsini, nikasema, haubishani na mafua.

Wiki hiyo hiyo mkwe wangu akaanza kukohoa.

Mkwe wangu si mtu wa kulalamika. Ni mtoto wa Mwika, amelelewa na bibi, amezoea maneno makali. Siku ya kwanza alisema moshi unamkera. Nikasogeza kuni moja nyuma. Siku ya pili akaacha mtori nusu. Siku ya tatu akaniambia, "Mama, naomba ufungue dirisha kidogo tu."

"Ukitaka kufa useme," nikamwambia. "Mtoto ana wiki tano. Upepo wa saa hizi unatoka kwenye barafu moja kwa moja."

"Nasikia kama kifua kimefungwa kamba."

"Ni baridi imeingia. Nitaongeza moto."

Nikaongeza moto. Nikachukua shuka langu nikalisokota, nikaziba na chini ya mlango.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja asubuhi yake na chupa ya maziwa. Hakuingia. Alisimama nje ya ua wa masale akaiweka chini kama anayemwekea mbwa.

"Nasikia mnakohoa," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nyumba yako ya mabanzi. Nikiwa kwangu nasikia mpaka mkijamba."

"Basi ingia umsalimie mzazi."

"Nitaingia akipona." Akarudi nyuma hatua mbili. "Mpeleke hospitali, wifi. Hicho si kikohozi cha moshi."

"Wewe ulizalia hospitali ukapata nini? Mlevi mmoja."

Aliondoka. Maziwa niliyachemsha mara mbili, mkwe wangu akanywa vijiko vitatu.

Mchana alikuja sista wa zahanati. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kupima watoto wachanga, na kimzani chake cha kuning'iniza begani. Mtawa wa makamo, mfupi, viatu vya plastiki vimejaa tope. Akabisha hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Karibu, Sista."

Akainama mlangoni, akasimama. Akakohoa, machozi yakamtoka kwa moshi. Hakugusa mtoto kwanza. Alienda kwa mama, akamtazama midomo, akamkunjua mkono akambana kidole na kidude kidogo kinachowaka namba. Akakisoma. Akakifuta kwa nguo yake, akakibana kidole kingine, akasoma tena.

"Ameanza lini kupumua hivi?"

"Hivi vipi?" nikasema. Nilikuwa nakaa naye usiku na mchana na sikuwa nimeona. Sista aliposema ndipo nikasikia. Ilikuwa pumzi fupi fupi, ya mbwa aliyekimbia. Mabega yanapanda kila anapovuta.

"Bibi, humu ndani hakuna hewa."

"Hewa ipo. Kinachokosekana ni nyama."

"Fungua dirisha."

"Dirisha la mzazi halifunguliwi, Sista."

"Nani kasema?"

"Mama yangu kaburini kasema."

Akaenda mwenyewe, akashika pembe ya gunia. Nami nikamshika mkono. Sijivunii hilo, lakini nilimshika, na mimi nina mkono wa kubeba.

"Sista, wewe hujazaa. Mambo ya uzazi tuachie sisi."

Hakuuvuta mkono wake.

"Sijazaa, bibi. Nawafumba macho waliozaa. Wiki hii nimefumba wawili." Akaachia gunia. "Sikudanganyi. Dirisha peke yake halitamponya. Anataka gesi ya kupumulia, na gesi iko mjini. Akilala hapa leo, kesho huna mkwe. Mimi natafuta gari. Wewe chagua avute nini wakati ananisubiri."

Akatoka. Nikasikia viatu vyake vya plastiki vikichapa tope, halafu nikabaki na ile pumzi.

Nilisimama mgongo umeelekea dirisha, kama ninayelilinda. Mkwe wangu alikuwa amekaa, hawezi tena kulala chali. Alinyoosha mkono. Hakunyoosha kwa mtoto. Alinyoosha kwangu, yaani kwa gunia lililokuwa nyuma yangu.

"Fungua, mama," akasema.

Nikamsikia mama yangu. Sisemi mzimu, mimi ni Mkristo. Nasema nilikumbuka jambo nililokuwa nimelisahau miaka hamsini na miwili. Siku ya tatu ile, wanawake wametoka, tumebaki wawili, mama alinyoosha mkono hivyo hivyo akaniambia, "Fungua, mwanangu." Nami sikufungua. Nilikuwa nimepewa kazi na watu wazima. Nikakaza vidole kwenye gunia, nikageuza uso ukutani nisimwone.

Alikuwa ameloweshwa na mvua, hajala nyama tangu azae, amebeba majani ya ng'ombe na kidonda cha uzazi hakijakauka. Hayo hakuna aliyeyasema kwenye msiba. Kusema hayo ni kusema baba ni mlevi, na majirani walimwona akipita na mzigo wakanyamaza. Upepo hauna ndugu wa kuudhika. Tukausingizia upepo, na mimi nikaubeba uongo huo miaka yote kama mkungu.

Nililing'oa gunia na misumari yake. Nikapiga kibao kwa mchi wa kinu kikaangukia nje. Nikazikokota kuni za moto mpaka uani. Ukungu uliingia ndani, mweupe, wa baridi kweli. Mkwe wangu akauelekezea uso na kufumbua mdomo.

Sista alirudi na dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kijana aliyekuwa ananiteremshia ndizi siku hizi. Kijana mwoga. Alimwona mgonjwa akarudi nyuma ya usukani.

"Mama, ndizi nabeba. Wagonjwa wa kifua hapana. Nina watoto."

"Mimi nina nini? Vifaranga?"

"Watu wakiniona nimebeba mgonjwa hawatanipa tena mizigo yao."

"Basi usibebe mgonjwa. Beba ndizi." Nikaingia migombani na panga, nikaangusha mikungu mitatu, miwili haijakomaa. Tukatandika godoro nyuma, tukamkalisha mkwe wangu ameegemea kifua changu, mtoto nimemfunga tumboni ndani ya koti, mikungu tukaipanga pembeni. "Ukiulizwa, hizi ni ndizi za sokoni. Endesha."

Sista alipanda mbele. Wifi yangu alikuwa amesimama kwenye masale. Gari lilipokwama kwenye tope chini ya kanisa, nani aliyekuja kusukuma? Yeye, kitenge amejifunga mdomoni, akisonya kila alipovuta pumzi. Vijana watatu walikuwa wamesimama juu ya ukingo wanatazama.

"Mnangoja sadaka?" akawafokea. "Shukeni msukume!"

Wakashuka. Gari likatoka.

Njia nzima nilihesabu pumzi zake mgongo wake ukiwa kifuani kwangu. Kila jiwe tulilopanda pumzi moja ilipotea, nikawa nangoja inayofuata. Niliwahi kujifungua watoto watatu na kuzika wawili. Sijawahi kungoja kitu hivyo.

Getini hospitali hakuingii mtu bila barakoa. Sista alikuwa na yake na moja ya ziada, hiyo akavikwa mgonjwa. Mimi sikuwa nayo. Mwanamke aliyekuwa anatoka alivua yake akanipitishia kwenye nondo za uzio, bado ina joto na majimaji ya mdomo wake. "Chukua, mama, ukitoka mpe mwingine," akaniambia. Nikavaa. Watu waliokuwa pale uziani walikuwa wanafanya hivyo hivyo kutwa nzima, barakoa moja inaingia na kutoka na midomo ishirini, ili sheria ya kuzuia ugonjwa ifuatwe. Nilijua ni ujinga. Nilivaa, kwa sababu wenye barakoa zao walikuwa wanapita na sisi tusio nazo tulikuwa tunasimama.

Walimpokea vizuri, sitawasingizia. Wakamweka kwenye gesi. Daktari kijana akaniuliza nani nyumbani aliyekohoa kwanza.

"Mimi."

"Ulijitenga naye?"

"Nilikuwa namlisha kwa kijiko changu."

Aliandika. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Mwanangu alifika kesho yake kutoka Sanya Juu, mavumbi ya mahindi kichwani. Alinikuta kwenye baraza la wasindikizaji nampa mtoto maziwa kwa kijiko, kijiko kipya. Alikuwa ameshapita kwa wifi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Shangazi anasema ulimfungia ndani."

"Nilimfungia."

"Alikuomba ufungue?"

"Aliniomba."

Alikaa mbali nami kwenye benchi. Siku kumi na moja alinisalimia shikamoo asubuhi na hakuongeza neno. Nilistahili. Ng'ombe tulimuuza kulipa hospitali, yule aliyekuwa wa maziwa ya mzazi, na siku ya kumi na mbili wakasema mgonjwa anaweza kupumua mwenyewe.

Tulimrudisha kwa kirikuu kile kile, bila ndizi. Alishuka, akajishika kwenye nguzo ya ua, akapumzika. Akafika mlangoni kwangu akasimama. Mimi nilikuwa nimeshatandika kitanda.

"Siingii humo," akasema.

Mkwe kumwambia mama mkwe hivyo, mbele ya mumewe na shangazi wa mumewe! Zamani ningemrudisha Mwika siku hiyo hiyo. Wifi yangu alinitazama, anangoja nilipuke.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka nikilala nione mgomba."

Mwanangu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Ile nyumba niliijenga mimi, banzi kwa banzi. Niliingia ndani, nikatoka na nyundo, nikampa mwanangu.

Akabomoa ukuta wa upande wa migomba mpaka pakawa na tundu la kupita ng'ombe. Tukatundika chandarua. Mkwe wangu akamalizia miezi yake mitatu pale, na moto ukakaa nje, na mtori nikampikia nje nikamletea na kijiko chake. Nyama haikuwepo. Niliweka maharage.

Hajarudi sawa. Mpaka leo akipanda kutoka mferejini na ndoo anasimama mara mbili. Simwambii afanye haraka. Na miezi ile mitatu siiachi. Aliyezaa apumzike, hilo nitaligombania na mtu yeyote. Ila kupumzika kunataka mtu mwingine abebe mzigo na alete chakula, na mwenye kubeba asipokuwa nacho ataleta kifo nyumbani ndani ya kikapu cha nyama. Nilikileta. Sina wa kumsingizia.

Watalii walirudi, mwanangu akarudi mlimani. Mimi nilirudi mezani kwangu.

Leo nina miaka sitini na sita. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, kwa jasho langu na la mwanangu. Nina madirisha saba, yote yanafunguka, na jiko liko nje. Nina kihamba, shamba langu la migomba, chenye hati, jina ni langu. Nina ng'ombe mmoja na mtamba wake. Nina meza sokoni, ya tatu kutoka mlangoni. Nina pipa la maji lenye koki. Nina barakoa mbili, zimefuliwa, sijamwazima mtu. Nina kadi ya bima, ya kwangu na ya mkwe wangu. Nina mjukuu wa kiume anayekimbia, na mwingine wa kike aliyezaliwa mwezi uliopita, yuko chumba cha upande wa migomba na mama yake. Dirisha liko wazi. Nimetoka kuliangalia sasa hivi.